Masika ya Masikio Yangu

Jumanne, 1 Aprili

Mhudumu wa kliniki ya masikio ameniambia ninunue daftari, kila siku niandike nilichosikia na nisichosikia, mpaka nitakaporudi tarehe ishirini na nne. Haya. Leo nimesikia lori likirudi nyuma pale Magongo. Nimemsikia mke wangu Josephine akiniita, kwa kuwa alipiga ukelele. Sikusikia adhana. Sikusikia kijiko kwenye kikombe.

Mimi ni Kaingu, wa Chaani, Changamwe. Naandika jina ili daftari likipotea lirudi.

Jumatano, 2 Aprili

Nimesikia: honi. Sikusikia: jogoo wa jirani. Labda wamemchinja.

Alhamisi, 3 Aprili

Josephine anasema jogoo yupo.

Jumamosi, 5 Aprili

Mazoezi ya kwaya. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, na muda wote huo nia yangu imekuwa moja: tushinde mashindano ya dayosisi kwa wimbo niliotunga mwenyewe, kisha tuzirekodi nyimbo zangu zote kumi na nne, zibaki hata nikifa. Mwaka huu mashindano ni Juni 28. Wimbo ni "Umenihesabu". Niliuandika mwaka aliozaliwa binti yetu Kadzo, nao haujawahi kuimbwa nje ya Changamwe.

Kinachonikera ni Lenox. Kijana huyu ana miaka ishirini na saba, alikuja na kinanda chake, na sasa kila wimbo anataka kuutia madoido. Leo baada ya mazoezi niliwaona kina mama wamemzunguka. Nilipofika wakanyamaza. Najua kunyamaza kwa aina hiyo. Kijana anataka kiti changu.

Nimesikia: besi, vizuri. Sikusikia: maneno ya soprano.

Jumatatu, 7 Aprili

Kiwandani wamenitoa kwenye mashine za misumari, wamenipeleka stoo. Msimamizi aliita mara tano nisigeuke. Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya mashine hizo, na pamba masikioni, tena siku ambazo pamba ilikuwepo.

Jumamosi, 12 Aprili

Mazoezi mazuri mno. Nikiinua mkono wanapanda, nikiushusha wanashuka. Niliwaambia, "Leo sauti zimekaa." Wakaangaliana. Nadhani hawajazoea kusifiwa na mimi.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Tuliimba, watu wakasimama. Mchungaji alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jioni nilikuwa nakula, Josephine akasimama ghafla akakimbilia nje kuanua nguo. Nikashangaa. Aliporudi alikuwa amelowa. Nikatazama dirishani, nikaona maji yanamwagika kutoka kwenye mabati kama mtu anayemwaga ndoo. Mvua kubwa ya kwanza ya masika, juu ya kichwa changu, juu ya mabati yasiyo hata dari. Nilikuwa natafuna, na nilichokisikia ni kutafuna kwangu tu.

Josephine alikaa karibu na sikio langu la kulia akauliza, "Huisikii kabisa?"

Nikamwambia naisikia. Nimemdanganya mke wangu siku ya Pasaka.

Alhamisi, 24 Aprili

Daktari ni mwanamke mdogo, labda umri wa Kadzo. Alisoma daftari hili, kisha akaandika majibu kwenye karatasi ili nisikosee. Naibandika hapa.

"Sikio la kushoto limekufa. La kulia limebaki na kidogo, na hicho kinapungua. Sababu kubwa ni kelele za miaka mingi. Kuna sababu nyingine hatuijui. Uwezo wa kusikia hautarudi."

Nikamuuliza kuhusu kile kifaa cha kuvaa sikioni. Akaandika: "Kitakusaidia kujua kwamba mtu anaongea. Kujua anasema nini, si sana."

Nikasema, "Na muziki?"

Hakuandika. Alitikisa kichwa, akatazama mlango kama anayesubiri mtu mwingine aje anijibu.

Jumamosi, 26 Aprili

Lazima niandike hili lote.

Sikumwambia mtu habari za kliniki. Nilikwenda mazoezini kama kawaida. Nilisimama mbele ya kwaya, Lenox nyuma yangu kwenye kinanda. Nikatoa sauti ya kuanzia, nikainua mkono, wakaingia "Umenihesabu". Niliona midomo yote imefunguka kwa pamoja, nikajiambia, daktari anajua nini? Mwalimu anasikia kwa macho pia.

Katikati ya ubeti wa pili karatasi yangu ikaanguka. Nikainama upesi kuiokota, na nilipoinuka nilikuwa nimegeukia nyuma. Lenox alikuwa amesimama. Mkono wa kushoto uko kwenye kinanda, wa kulia uko hewani, juu, anaongoza. Macho ya watu wote hayakuwa kwangu. Yalikuwa yanapita juu ya bega langu.

Nikatazama kwaya, nikamtazama yeye. Ule mkono wake ukabaki hewani, hajui aushushe wapi.

"Tangu lini?" nikauliza. Nadhani nilipiga kelele, maana wale watoto waliokuwa mlangoni walikimbia.

Akaja karibu na sikio langu la kulia. "Tangu Krismasi, Mwalimu."

"Miezi minne! Umeninyang'anya kwaya miezi minne nami nimesimama hapa hapa?"

"Ulikuwa unatoa sauti ya juu mno, Mwalimu. Soprano wakawa wanashindwa. Halafu ikawa unachelewa, wao wameshamaliza, mkono wako bado uko juu. Tukaogopa watu watacheka. Hatukutaka wacheke."

"Nani 'tukaogopa'?"

Nikageuka kumtafuta mke wangu kwenye safu ya alto. Josephine alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika karatasi yake kwa mikono miwili kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Nilitoka. Mvua ilikuwa inanyesha, nikatembea nayo mpaka nyumbani. Nilijiona kama yule mwendawazimu wa barabarani anayeelekeza magari, na madereva kwa huruma zao wakamwachia.

Josephine alifika baadaye. Nikamuuliza kwa nini mke wangu mwenyewe amenifanya kichekesho. Alinivuta kwenye mwanga wa mlangoni nione mdomo wake, akasema taratibu:

"Baba Kadzo, ningekwambia nini? Kwamba ule wimbo unaoupenda kuliko unavyonipenda mimi, unauimba ovyo? Ungeniamini?"

Nikavua nguo zilizolowa, nikalala.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Naijua kwa matope.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Lenox alikuja akasimama mlangoni na mwavuli. Nilimwona kupitia pazia. Sikufungua.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, hakuna kazi. Nimelala kitandani nikamkumbuka Munga.

Munga ndiye aliyenifundisha mashine. Miaka kumi na tatu tulisimama bega kwa bega. Mtoto wake alipougua mimi ndiye niliyembeba. Alistaafu miaka sita iliyopita. Nilimpigia simu mara tatu hakupokea. Kisha tukakutana matangani, nikamwita "Kaka Munga!" naye akapita kama hakuniona. Nikarudi kazini nikawaambia wenzangu, "Jamani, Munga amepata kiburi cha pensheni." Tulicheka. Ikawa msemo wetu: mtu akinyamaza, tunasema amepata kiburi cha pensheni.

Ee Mungu wangu. Hakusikia. Hakusikia, hakusikia, hakusikia.

Jumamosi, 3 Mei

Leo sikwenda mazoezini. Nimekwenda Mtopanga.

Njia ya kwa Munga imekuwa mto, nikavua viatu. Mkewe, Nyevu, alinitambua kabla sijabisha. Alisema maneno mengi, nikamwonyesha masikio yangu, nikatikisa kichwa. Akajishika mdomo. "Na wewe, shemeji?" Hilo nililisoma wazi kabisa.

Munga amekaa ndani, ameelekea ukutani. Nyevu hakumwita. Alichukua punje ya mahindi kutoka kwenye kopo dirishani akamrushia begani. Akageuka. Miaka sita anamwita mume wake kwa punje za mahindi. Kopo lile liko pale kwa kazi hiyo tu.

Munga aliniona, akasimama, tukakumbatiana. Kisha tukakaa. Yeye kusoma kwake ni kidogo, aliacha shule darasa la pili. Nilipoandika kwenye daftari alilishika, akaligeuza, akanirudishia kwa aibu. Akawa anasema, kwa sauti ambayo mimi sikuisikia, na mimi nikawa namjibu kwa sauti ambayo yeye hakuisikia. Tulitabasamu saa nzima mpaka mashavu yakauma. Nyevu alikaa katikati yetu, ana masikio yake mazima, hana wa kuongea naye.

Niliporudi nililia njiani. Sikujali nani anasikia.

Jumatano, 7 Mei

Mkono mmoja wa Josephine uko begani kwangu wakati naandika hili. Haombi msamaha, nami siombi. Amekaa tu.

Jumamosi, 10 Mei

Kuna fundi cherehani hapa Magongo, Mwanatabu, kiziwi tangu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo. Miaka yote nimempita. Ni Josephine anayempelekea nguo zetu. Sikuwahi kumsalimu, nikidhani salamu hazimfai.

Leo nimekwenda nikasimama mbele ya meza yake. Nikaandika: "Nimekuwa kiziwi. Nataka kujua lugha ya mikono."

Yeye huandika kwa chaki yake ya kukatia nguo, juu ya meza, kisha hufuta kwa kiganja. Aliandika: "Ya nini?"

Nikaandika: "Nina rafiki kiziwi. Hatuwezi kuongea."

Alinitazama mikono, akaishika, akaigeuza kama anayechagua samaki. Akaandika: "Mizito. Nyundo. Njoo kila jioni."

Nikasema pole kwa mdomo, na kwa uso. Akafuta meza kwa hasira. "Pole ya nini? Mimi mzima. Wewe ndiye mgonjwa, umeanza jana."

Jumanne, 13 Mei

Maneno saba. Matano nimeyasahau.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwita Lenox nyumbani. Alikuja na shati la kanisani, kama mtu anayekuja kuposa. Nilimkalisha upande wa sikio la kulia, ambalo sasa linapokea mngurumo tu, nikamwambia aseme polepole nione mdomo.

"Nikuulize jambo," nikasema, "na usiniogope. Sasa hivi, nikiimba, sauti yangu ikoje?"

Akasogeza kiti karibu. "Niimbie, Mwalimu."

Nikaimba ubeti wa kwanza wa "Umenihesabu". Niliusikia wimbo kichwani safi kama siku niliyoutunga, kila noti mahali pake. Nilipomaliza nilimtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Inapotea, Mwalimu. Unaanza vizuri, halafu inapotea."

"Asante," nikamwambia. "Ukimtoa daktari, wewe ni wa kwanza kunijibu ukweli nilipouliza."

Nikachukua daftari la nyimbo, zote kumi na nne, nikampa. Akakataa. Nikamwekea mapajani. Nikamwambia, panapokuwa pazito ashushe, panapohitaji kinanda atie kinanda, hata yale madoido yake. Wakishinda, wameshinda wao. Wakirekodi, warekodi. Mimi sitasimama tena mbele yao.

"Na wewe utafanya nini, Mwalimu?"

"Najifunza kuongea."

Alipoondoka niliona nimemchukia kijana huyu mwaka mzima kwa kosa la kunisitiri. Na bado, nasema ukweli, nilipomwona anakata kona na lile daftari kwapani, nilitamani kumkimbilia nimpokonye.

Jumapili, 18 Mei

Nimelala siku nzima. Josephine aliimba alipokuwa anapika, niliona koo lake. Aliponiona namtazama akanyamaza. Nikamwambia aendelee.

Jumatatu, 26 Mei

Siandiki tena nilichosikia. Leo sikusikia chochote. Hata mngurumo haupo. Nilitaka niandike saa ulipoondoka, lakini siijui.

Jumatatu, 9 Juni

Idi imepita. Mwanatabu alinipa sahani ya pilau nimpelekee Josephine. Maneno mia moja na kumi. Amenipa jina langu: ngumi mbili juu ya meza, nyundo. Dada yake Rahima alicheka mpaka akakaa chini.

Nimemwambia Mwanatabu nia yangu mpya. Nataka nijue lugha hii barabara, nimpelekee Munga, na baada ya Munga wale wengine wa kiwandani ambao najua sasa ni kwa nini walipata "kiburi". Nimewahesabu wanne. Akauliza kwa mikono: Wanataka? Nikasema sijui. Akanikunjia uso.

Jumamosi, 14 Juni

Nilimpeleka Mwanatabu Mtopanga. Ningekuwa na akili ningekwenda peke yangu.

Munga alitutazama tukionyeshana mikono, akaelewa tumekuja kwa nini. Akasimama. Mishipa ya shingo ikamtoka. Nyevu baadaye aliniandikia alichosema: "Mimi si bubu! Nina mdomo! Mmekuja kunichezea ngoma nyumbani kwangu?" Akaingia chumbani akafunga mlango. Punje ya mahindi haipiti mlangoni.

Nyevu alitusindikiza akijifuta kwa ncha ya leso. Nilimwona ni mzee. Tulipokuwa tunashona na kuchapa misumari na kugombea kwaya, mwanamke huyu alikuwa anazeeka ndani ya nyumba isiyo na neno.

Nilitaka kumwomba Mwanatabu radhi. Alichukua kalamu yangu akaandika kiganjani mwangu: "Hata mimi nilikataa. Nilikuwa na miaka saba. Nilimuuma mwalimu."

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda peke yangu. Munga amekaa ukumbini, hakuondoka. Sikumfundisha kitu. Nyevu alipoleta chai, nikamwomba chai kwa mkono, nikashukuru kwa mkono, nikanywa. Nikafanya hivyo vikombe vitatu. Cha nne, Munga aliinua mkono wake, akakiomba yeye. Alikosea. Nyevu akampa hivyo hivyo.

Jumamosi, 28 Juni

Mashindano.

Nilitaka kubaki nyumbani, Josephine akasema kwa mikono, maneno matatu niliyomfundisha: Wewe, mimi, pamoja. Nikavaa.

Nilikaa safu ya tatu. Kwaya yetu ilipanda, Lenox mbele yao, mgongo wake kwangu. Aligeuka mara moja akaniinamia kichwa. Kisha mkono ukapanda.

Nilijua ni "Umenihesabu" kwa midomo. Niliwafuata neno kwa neno. Lakini kwenye ubeti wa tatu wakaimba kitu ambacho mimi sikukiandika. Lenox ameongeza mistari. Midomo ikaenda nisikokujua, nikapotea ndani ya wimbo wangu mwenyewe. Nikaweka kiganja kwenye benchi kutafuta besi. Benchi lilikuwa linatetemeka, ila ni kwa mguu wa mtu aliyekaa karibu nami.

Watu wakasimama. Mwanamke mbele yangu alikuwa analia. Nami nilisimama nikapiga makofi, huku nafikiri: miaka ishirini na miwili nimeingoja siku hii, na imekuja, nami sikuwepo.

Wamekuwa wa pili. Lenox alinifuata, uso umeanguka. "Tumekuangusha, Mwalimu."

Nikamwambia hapana. Nikamuuliza ubeti wa tatu unasemaje. Akaniandikia, nimeubandika mwisho wa daftari. Ni mzuri kuliko wangu. Nimeusoma mara tano, na kila mara moyo unauma mahali pale pale.

Jumamosi, 5 Julai

Mvua imekatika, njia ya Mtopanga ni kavu. Nilifika saa nne za asubuhi. Munga alikuwa ananingoja mlangoni, amevaa shati lililopigwa pasi.

Tulirudia: chai, maji, njaa, mvua, kesho, inauma. Mikono yake ni mizito kuliko yangu, na kidole kimoja kilibaki kwenye mashine mwaka tisini na nane, kwa hiyo baadhi ya maneno yake ni yake peke yake. Tulikwenda hivyo kama saa nzima. Kisha akaninyamazisha, akamnyooshea kidole mkewe aliyekuwa uani anakuna nazi, akanyanyua mabega: huyu je?

Nikamweleza nilivyoweza, kwa ishara na kwa kuchora chini, kwamba jina la mtu halina neno lake tayari. Unamtazama mtu, unachagua kitu chake, hicho ndicho kinakuwa jina.

Munga akamtazama Nyevu. Alimtazama muda mrefu sana, mpaka nikaona haya kuwepo pale. Kisha akaweka kidole kwenye meno yake ya mbele, pale kwenye nafasi, akakipeleka nje taratibu. Nilikuwa nimesahau. Nyevu ana mwanya. Zamani alipokuwa akileta chakula kiwandani alikuwa akicheka, wanaume wote waliuona. Miezi hii miwili sijauona hata mara moja.

Munga akainuka. Hakuchukua punje ya mahindi. Alikwenda mpaka uani akasimama mbele yake, akaweka kidole kwenye meno, akakipeleka nje. Nyevu akamtazama, kisha akanitazama mimi, mikono imejaa nazi.

Nikamwambia kwa hii sauti yangu nisiyojua inaanguka wapi: "Amekuita, shemeji. Hilo ndilo jina lako."

Akaweka kifuu chini. Akajifuta mikono kwenye leso, mmoja, halafu mwingine. Hakunijibu mimi. Alimgeukia mume wake, na nikaiona midomo yake inakutana mara moja na kufunguka:

"Abee."